Ushuhuda Amehamia Kwetu

Wewe mama unayesoma, kaa kwanza. Kama umembeba mtoto mlaze, kama unapika ipua sufuria, maana nikishaanza sitaweza kukungoja. Nataka kukuambia habari za mtoto aliyehamia nyumbani kwangu kwa miguu yake miwili, akala chakula changu, akavaa nguo ya mwanangu, akaitikia jina la mwanangu, nami nikamlea. Anaitwa Ushuhuda. Sikumzaa kwa uchungu. Nilimzaa kwa mdomo, mbele ya watu, Jumapili saa tano asubuhi, na vigelegele vikapigwa.

Mji wenyewe sitautaja. Siyo kwamba naficha. Nikijaribu kulitafuta jina lake ulimi unapita tu, kama unavyopita kwenye pengo la jino. Ninachokumbuka ni kwamba siku za huko hazikuwa sawa kwa urefu. Jumatatu ilikuwa fupi, unaweza kuifua na kuianika kabla chai haijachemka. Alhamisi wengine hawakuwahi kuiona. Jumapili ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Ikianza haiishi, na ikiisha unaamka kesho yake unaikuta imerudi imekaa mlangoni, imevaa viatu, inakuuliza, bado tu hujajiandaa? Basi ukiniuliza haya yalichukua muda gani, nitakuambia yalichukua Jumapili tatu. Sina kipimo kingine.

Na katika mji huo neno "naumwa" lilikuwa limetolewa. Hakuna askari aliyekuja kulichukua. Tulilitoa wenyewe, kila mtu kinywani mwake, tukaliweka mbali kama tunavyoweka sumu ya panya. Tulifundishwa kwamba uponyaji unakaa kwenye ulimi. Ukisema naumwa, umeukaribisha ugonjwa na kiti umeuvutia. Ukisema nimepona, ugonjwa unasikia aibu unaondoka. Kwa hiyo watu walipokutana njiani hawakuulizana kama wewe na mimi tunavyoulizana. Mmoja alisema, "U hali gani?" na mwenzake akajibu, "Nimepona." Basi. Mwenye homa nimepona, mwenye mguu uliovunjika nimepona, anajiburuta huku nimepona. Fundi viatu wetu, Nathanieli, alivimba jino mpaka jicho likafunga, naye akatujibu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Nimepona," akasema.

"Umepona nini, baba, na shavu kama andazi?" akauliza mwanangu.

Nilimfinya mkono. Nathanieli akajaribu kucheka, akashika shavu, machozi yakamtoka. Tukaondoka haraka kabla hajatutia kwenye dhambi ya kumhurumia.

Huyo mwanangu ndiye Aikaeli. Tulimwita Aika. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mrefu kuliko mimi, mdomo hauna pazia. Tangu ana miaka tisa alikuwa na kisukari, kile cha watoto, kile cha kuchomwa sindano asubuhi na jioni bila kuruka hata siku moja. Sista Ludovika, mtawa na muuguzi wa hospitali iliyo ng'ambo ya barabara, ndiye aliyemfundisha kujichoma mwenyewe pajani. Hatukuwa na friji. Tulikuwa na mtungi ndani ya mtungi, katikati mchanga, mchanga tunaulowesha maji kila asubuhi, na ndani kabisa, penye ubaridi, imelala ile chupa ndogo ya insulini. Aika aliiita mchumba.

"Mama, leo nakwenda kwa bibi na mchumba wangu."

"Utamwambia bibi umeolewa?"

"Nitamwambia huyu hapigi mke. Anachoma tu."

Tulicheka. Nataka ulijue hilo, kwamba tulikuwa tunacheka. Mtoto mwenye ugonjwa wa siku zote na mama yake wanaweza kuishi, wakagombana juu ya sabuni, wakacheka. Sindano ilikuwa kitu kama kupiga mswaki. Hatukuwa watu wa kuhurumiwa.

Lakini mama anachoka. Hili nalo niliseme polepole, maana ndipo nilipotokea. Hachoki mikono. Mikono inalowesha mchanga miaka minne bila kulalamika. Kinachochoka ni mahali fulani ndani, mahali pa kuhesabu. Kila usingizi wa mtoto unauhesabu. Kila kikombe cha chai unakitazama. Akichelewa kutoka shule moyo unatoka nje kumtafuta kabla wewe hujavaa kandambili. Unaanza kutamani, siyo mtoto apone tu, hapana, unatamani wewe uache kuogopa. Nilidhani ni kitu kimoja. Nikamwomba Mungu amponye Aika, na chini ya ombi hilo kulikuwa na ombi jingine limejificha, kwamba mimi nipumzike. Siku hizi najiuliza ni lipi kati ya hayo mawili lililokuwa na sauti.

Mama Ndekirwa, jirani yetu, mwimbaji wa kwaya, ndiye aliyeanza.

"Mpendwa, utamtoboa huyo mtoto mpaka lini? Ataolewa na chupa?"

"Daktari amesema ni ya maisha."

"Daktari amesema." Akapiga kofi moja la kiganja. "Na wewe umesema nini? Mimi nataka kusikia mdomo wako wewe. Maana watu wanauliza, Mama Aika anakuja ibadani kila Jumapili, mbona nyumbani kwake kuna mtungi?"

Niliona aibu kwa ajili ya mtungi. Kama vile nimekutwa na kitu cha mganga uvunguni.

Sasa nikueleze desturi yenyewe. Pale kanisani kwetu watu hawakungoja kupona ndipo washukuru. Kushukuru kulitangulia. Unapanda mbele, unashika kipaza sauti, unatoa ushuhuda kwamba umepona, na kupona kwenyewe kutakufuata nyuma kama ndama anavyofuata ng'ombe. Kabla ya hapo dawa zako unaziweka ndani ya beseni la bluu lililo chini ya madhabahu. Vidonge, chupa, mafuta ya kuchua, miwani. Ndiyo, hata miwani. Na kila ushuhuda unaotolewa, kanisa zima linaitikia Amina. Hakuna anayekaa kimya. Kukaa kimya ni kumvunja mwenzako miguu.

Aliyetuongoza ni Mtumishi Elifasi. Usimchukie haraka. Mimi nilijaribu kumchukia nikashindwa, na hilo limenisumbua kuliko chuki yenyewe. Alikuwa mzee mpole, sauti yake ya chini, hakuwahi kumpigia mtu kelele. Macho yake yalikuwa yanakufa. Yeye mwenyewe alisema anaona. Alifungua Biblia mbele yetu akaisoma kwa ufasaha bila kukosea, na sisi wa viti vya mbele tuliona kitabu kiko juu chini. Alikuwa ameyashika yote kichwani. Nasi tuliokiona kitabu hatukusema, kwa kumpenda. Hivyo ndivyo tulivyopendana mji ule. Kila mmoja alimshikia mwenzake uongo wake, kwa mikono miwili, kwa upole, usije ukadondoka.

Basi Jumapili ya kwanza nikapanda. Aika yuko kando yangu, amevaa gauni la njano, chupa yake mkononi. Akaiinamia, akaiweka ndani ya beseni taratibu, kama mtu anayelaza yai.

Nikasema, "Bwana asifiwe."

"Amina."

"Mwanangu Aikaeli alikuwa na kisukari. Amepona."

"Amina!"

Aika akanivuta kanga. "Mama, mbona unasema nimepona? Bado."

"Nyamaza, utasikika."

"Na Mungu?"

"Mungu nini?"

"Yeye hasikii kwamba bado?"

Vigelegele vilikuwa vimeshapanda, na nilikuwa nalia. Tena nalia kwa raha. Pale mahali pa kuhesabu palikuwa pamenyamaza kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne. Nilijisikia mwepesi. Mama mwenzangu, chunga sana siku utakayojisikia mwepesi hivyo ghafla. Angalia kwanza ni mzigo gani umeutua, na umemtwika nani.

Tulikwenda kanisani wawili, tukarudi watatu.

Nilimwona njiani. Kwanza nilidhani ni kivuli, kisha nikaona anatembea upande ambao jua lilikuwa linatoka. Msichana wa miaka kumi na mitatu. Gauni la njano. Uso wa Aika, ila mashavu yamejaa, midomo ina mafuta, mapaja hayana alama ya sindano hata moja. Watu walitoka vibarazani kumwona. "Ushuhuda!" waliita. "Karibu, Ushuhuda! Na wewe Mama Ushuhuda, hongera!" Nikageuka kuona Mama Ushuhuda ni nani. Ni mimi. Nilivyoitikia, jina langu la zamani likachomoka kama hereni, sikusikia hata lilipoangukia.

"Huyu ni nani?" aliuliza Aika.

"Ni wewe," nikamwambia. "Ni wewe uliyepona."

Akamtazama toka juu hadi chini. "Mbona hajaniamkia?"

Siku tatu za kwanza tulifunga, hata chai hatukunywa, kanisa zima, na Aika alionekana mzuri tu. Nilijisifu. Nikauvunja mtungi, mchanga nikaumwaga kwenye mgomba. Baada ya hapo kiu ikaja.

Nikuambie kiu ile. Si kiu ya mtu aliyelima. Aika alikunywa kikombe, akanywa jagi, akaacha jagi akainamia ndoo. Akaenda chooni, akarudi, akanywa. Asubuhi nilikuta pale alipokojoa sisimizi wamejipanga mstari, wanakuja toka mbali, kama watu wanaoelekea mkutano wa injili. Nilikuwa nimefundishwa na Sista Ludovika maana ya sisimizi wale. Aliniambia waziwazi, mama, sukari ikitoka kwenye mkojo sisimizi watakuambia kabla ya kipimo. Niliwatazama. Nikachukua ufagio nikawafagia. Nilijua. Sikujua. Nilijua, nikafagia.

Ushuhuda hakuwa na kiu. Alikaa kwenye kochi, mikono mapajani, akapokea wageni. Walikuja toka mitaa mingine kumwona, wakamgusa mkono, wakasema, jamani, tazama ngozi! Kila alipotazamwa alinenepa. Yai lililokuwepo nilimpa yeye, maana ndiye aliyekaa mbele za watu, na mgeni hawezi kukuta sahani tupu mbele ya muujiza. Aika alikaa jikoni na ndoo yake. Gauni la njano lilianza kumpwaya mabegani. Mwishoni nikamvua, nikampa Ushuhuda aliyelijaza vizuri zaidi. Alikuwa na lake, lakini alitaka mawili.

Siku moja, sijui kama ilikuwa Jumanne au ile Jumapili ilikuwa haijaisha, Aika aliniita jikoni.

"Mama, Mungu anajua sukari?"

"Anajua. Yeye ndiye aliyeumba miwa."

"Anajua iko kwenye damu yangu?"

"Aika, usikiri."

"Sikiri. Nauliza tu. Kama anajua, tunamficha nani?"

Hili swali ndilo limenifanya nishike kalamu. Limekaa na mimi mezani hivi sasa ninapoandika. Tunamficha nani? Maana mtu anapokwenda kwa Mungu anakwenda kwa anayejua tayari. Hakuna haja ya kupaka rangi kidonda. Ukienda kwa fundi cherehani na gauni lililochanika unampa hivyo hivyo lilivyochanika, aone, ndipo ashone. Lakini sisi tulikwenda mbele za Mungu tumeshika gauni kwa ndani, tumeficha tundu kwa ngumi, tunasema, tazama lilivyo zima. Halafu tulirudi nyumbani tukishangaa mbona hakulishona. Hakupewa. Na ile sindano, najiuliza, nani aliiomba? Mungu hakuiomba. Ni sisi tulioamua anaitaka, tukamwekea kwenye beseni, kama mgeni unayempa chakula asichokula kisha unasema amekataa undugu.

Lakini hayo ni ya sasa. Wakati ule nilimwambia, "Kunywa maji, mwanangu. Kesho utakuwa mzima."

"Kesho ni lini?" akaniuliza. Hakuwa anatania. Alitaka kujua kweli.

Jumapili ya pili nilimpeleka kwa Mtumishi Elifasi, chumba cha nyuma. Nilimshika Aika mkono huu, Ushuhuda akanishika mkono ule bila kuitwa.

"Mtumishi, mtoto anakunywa maji sana."

"Umekiri ugonjwa, binti yangu?"

"Hapana, Mtumishi. Nimesema maji tu."

"Vema." Akanyoosha mkono wake hewani, kidole kikitafuta. Aika alikuwa ameinama mbele yake, anahema. Mkono ukampita ukatua juu ya kichwa cha Ushuhuda. Akampapasa mashavu, akatabasamu kwa furaha ya kweli, ile ya babu.

"Mbona amenona! Mama, unaogopa nini?"

Ningesema, Mtumishi, siye huyo. Maneno matatu. Lakini kumwambia siye huyo ni kumwambia huoni. Na kumwambia haoni ni kumwambia kila mtu alichoweka kwenye beseni kirudi mikononi mwake, na usiku wake wote wa kuhesabu urudi. Nilimtazama yule mzee na uso wake uliofurahi. Nikamwonea huruma yeye. Nikasema, "Amina, Mtumishi." Aika alinitazama kwa chini. Tulipofika mlangoni akatapika.

Jumapili ya tatu alikuwa hawezi kusimama. Alipumua kwa nguvu, kwa haraka, kama mtu aliyekimbizwa, na amelala. Pumzi yake ilinukia matunda yaliyooza, tamu, tamu mpaka unageuza uso. Mama Ndekirwa alichungulia, akavuta hewa.

"Unasikia harufu hiyo? Ni manukato. Malaika wamepita hapa."

Nilimtazama Mama Ndekirwa, mdomo wake unatetemeka, na nikaona kwamba naye anajua. Naye alikuwa ameshika kitu chake kwa ngumi. Nikamfunga Aika mgongoni kwa kanga, miguu yake mirefu inaburuza vumbi, mtoto mkubwa vile, mwepesi kama nguo iliyokauka kambani. Nikatoka.

"Unakwenda wapi, Mama Ushuhuda?"

"Kunyoosha miguu."

Barabara ile unaivuka kwa hatua thelathini. Nilitembea mchana kutwa. Kila niliyekutana naye aliuliza u hali gani na kila mara nilisimama nikajibu nimepona, maana kupita bila kujibu ni kosa, na nyuma yangu Ushuhuda alisimama akapungia mkono. Watu wa mji wetu wakienda hospitali waliingilia mlango wa jikoni. Nami nikaingilia mlango wa jikoni.

Sista Ludovika hakuwepo mapokezi, alikuwa wodi ya wazazi. Alikuwepo nesi kijana, Fortunata, mgeni pale. Alimpokea Aika mgongoni kwangu, akamlaza, akafanya haraka. Hakuwa na kosa. Nataka iandikwe hivyo. Alifanya kila kitu kwa kufuata nilichomwambia.

"Jina la mgonjwa?"

Nilifungua mdomo niseme Aikaeli. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Ushuhuda."

Alipekua kabati. "Hana faili hapa. Hajawahi kutibiwa?"

"Hapana."

"Ana ugonjwa wowote wa siku zote? Pumu, kifafa, kisukari?"

Mama, hapa ndipo penyewe. Nisikilize. Siyo kwamba sikumpenda. Usije ukasema yule hakumpenda mtoto wake, mimi nampenda wangu, mimi siwezi. Nilimpenda mpaka meno yakaniuma. Na nilikuwa nimefundishwa, nimeamini, kwamba uhai wake uko kwenye ulimi wangu. Kwamba nikikiri sasa, hatua ya mwisho, nitaudondosha. Nilidhani nimemshika mwanangu kwa meno. Nilidhani nikifungua mdomo ataanguka.

"Hana," nikasema.

Kipimo cha tone la damu kilikuwa hapo mezani, vijiti vyake vimekwisha tangu juzi. Nesi Fortunata akamtazama Aika, ngozi na mifupa, midomo imepasuka. "Huyu amekaukiwa maji na ana njaa," akasema. "Tumpe nguvu kidogo." Akaning'iniza dripu. Niliisoma chupa. Herufi zilikuwa kubwa. Ilikuwa dripu ya sukari.

Ilianza kushuka. Tone. Tone. Ushuhuda alikaa upande wa pili wa kitanda, amenona, ananitazama, kidole kimoja kwenye midomo. Tone. Nikaomba. Nikasema moyoni, Bwana, izuie wewe, ili mimi nisiseme. Hivi ndivyo nilivyoomba. Nilimwomba Mungu afanye kazi ya mdomo wangu. Tone. Chupa ikafika robo. Sijui saa ngapi zilipita, katika chumba kile hata Jumapili ilisimama.

Aika akafungua macho. Hakumtazama Ushuhuda, hakutazama dripu. Alinitafuta mimi mpaka akaniona.

"Mama," akasema, "sema."

Nikasema. Nilipiga kelele. Nikasema ana kisukari, anaitwa Aikaeli, ana miaka kumi na mitatu, hajachomwa sindano Jumapili tatu, mimi ndiye niliyezitoa, ana kisukari, anaumwa, mwanangu anaumwa. Nesi Fortunata alichomoa dripu, akakimbia wodi ya wazazi. Sista Ludovika akaja mbio, rozari inaruka mfukoni pamoja na kipimajoto, akamtambua Aika kwa sauti yangu, siyo kwa uso. Alimchoma, akamtundikia maji mengine, akampima, akamchoma tena, akapiga magoti akiwa bado ameshika mshipa wake. Midomo yake ilikuwa inasali na vidole vyake vinahesabu mapigo, vyote kwa wakati mmoja, na sikuona kimoja kikimzuia mwenzake.

Aika alifariki saa nane mchana. Ilikuwa Jumatatu. Niliiona ikiingia dirishani, fupi, ya kawaida.

Nilimuuliza Sista Ludovika, "Mungu amenikasirikia?"

Macho yake mekundu. "Mama Aika," akasema, na jina langu likanirudia na kuniumiza, "kila asubuhi kabla sijashika sindano nasali. Miaka ishirini na sita. Sijawahi kusikia akiniambia, acha."

Hakuniambia nimesamehewa. Nilimshukuru kwa hilo.

Walikuja kumzika kwa nyimbo. Mtumishi Elifasi alisema marehemu sasa amepona kabisa, watu wakaitikia. Mama Ndekirwa alinishika kiuno nisianguke. Nilipotoka makaburini Ushuhuda alikuwa ananingoja njiani, magauni mawili ya njano, moja juu ya jingine. Hakuwa na jeraha popote. Habari zake zilikuwa zimeshafika miji mingine, walikuwa wanamwita.

"Mama," akaniambia, "Jumapili tunashuhudia wapi?"

Nilirudi kanisani. Sikujifunika uso. Sikwenda kumkana Mungu, maana ndiye pekee aliyebaki ninayeweza kumwambia kitu bila kuficha. Nilipanda mbele, nikashika kipaza sauti. Walinipisha kwa heshima.

"Bwana asifiwe."

"Amina."

"Mwanangu alikuwa anaumwa. Niliulizwa nikasema hana. Amekufa kwa neno langu."

"Amina!"

Waliitikia wote, kwa nguvu, kwa upendo. Ni desturi. Ushuhuda ukitolewa unaitikiwa, hakuna anayekaa kimya, na mtu aliyezoea kuitikia hasikii tena. Niliwatazama. Mdomo wa Mtumishi Elifasi ulikuwa unatabasamu kuelekea mahali ambapo sikuwepo.

Nikarudia. "Aika alikuwa anaumwa. Nilisema hana. Amekufa."

"Amina."

Nikarudia. Mara ya tano Amina ilikuwa na matundu. Mara ya saba kipaza sauti kilizimwa, nikaendelea kwa koo. Mara ya tisa au ya kumi, kiti cha nyuma kabisa, mama mmoja kijana nisiyemjua, mtoto wake mgongoni anakohoa kikohozi cha chini, hakuitikia. Alikuwa anasikiliza. Aliinuka, akakaza kanga, akapita katikati ya viti huku wakimvuta nguo, akatoka. Kupitia mlangoni nilimwona anasimama kando ya barabara ya hospitali, anatazama huku na huku. Akavuka.

Walikuwa wamebaki watu mia mbili. Nikaanza tena.